Pua ya Pijo

Kwa Mzee Munyemana, mtaa wa Waswahili pale Kamembe, hukuwa na haja ya kubisha hodi ili kujua kama mwenyewe yupo. Ulichungulia tu juu ya ukuta. Ukiona gari lake, Pijo 404 la rangi ya chai ya maziwa, limetulia chini ya mabati, mzee yuko. Usipoliona, mzee ameshuka Bugarama kwa mke mdogo, na maneno uliyokuja nayo yarudishe kwako yakapoe.

Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini na miwili. Mpunga wa bondeni ukianza kuinamisha vichwa, mzee alifunga duka lake la vitambaa, akatia bidoni, dumu la maji, nyuma ya gari, akateremka Bugarama kusimamia mavuno kwa Nyirabagenzi. Mpunga ukishapurwa, ukaanikwa, ukaingia maguniani, akapanda tena kwenye baridi ya Kamembe, kwa Mukamazimpaka, mke aliyemwoa ujanani. Kushuka mara mbili kwa mwaka, kupanda mara mbili. Na gari halikulala hata siku moja mahali ambapo mwenyewe hakulala. Alilinunua Bukavu akiwa kijana, kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga virago, kabla hajaoa hata mke mmoja. Kwa hiyo wanawake wa mtaa, ambao midomo yao haikufunga hata mwezi wa Ramadhani, walikuwa wakiliita Mke wa Tatu, halafu wanajisahihisha: hapana, huyo ndiye wa kwanza, maana hao wawili wanaachwa kwa zamu, yeye hajaachwa hata mara moja.

Mukamazimpaka alicheka nao. Angefanya nini? Mwanamke ambaye sebule yake haikauki watu hawezi kununia kila neno. Lakini siku ambayo gari liliondoka, alifagia mwenyewe pale chini ya mabati, hakumwachia mtu ufagio. Na lile doa la mafuta ya injini sakafuni alilizunguka taratibu, kama unavyozunguka mkeka wa mtu anayeswali.

Gari hilo alilijua kuliko wanaume wengi wa mtaa. Mzee akishafika kwa zamu yake, walilipumzisha pamoja. Yeye alileta mawe manne, mzee akalinyanyua, matairi yakaachwa yananing'inia yasichoke. Mzee alichomoa betri. Kisha Mukamazimpaka alifunga pilipili kavu za bustani yake ndani ya kitambaa, akazisokomeza kwenye bomba la moshi, panya wasifanye makazi. Mzee alikuwa anasema kazi hiyo ya pilipili hajawahi kumpa mke mwingine. Kama ni kweli au ni uongo wa mwanamume mwenye nyumba mbili, Mukamazimpaka hakuwahi kuchunguza. Neno tamu halichunguzwi, linalambwa.

Mwezi wa sita mwaka huu, mavuno yakiwa katikati na zamu ikiwa ya Bugarama, Mzee Munyemana alikufa njiani, huko Nyakabuye, akiwa amekaa ndani ya gari lake.

Habari ililetwa na Maman Muderhwa. Huyu ni Mushi, mtu wa kabila la huko Bukavu, aliyeolewa Kamembe, ambaye kila asubuhi huvuka mpaka kwenye kituo cha Rusizi ya kwanza na beseni la unga na kurudi na beseni la maneno. Siku hiyo aliingia bila beseni, kilemba mkononi, akamwendea Mukamazimpaka, mama yake Mutabazi.

"Maman Mutabazi, ikala chini. Ikala kwanza."

Alipokwisha kusema lililomleta, na vilio vikapungua kidogo, alimwinamia mfiwa sikioni. Lakini Maman Muderhwa hana sauti ya sikioni. Nyumba nzima ilisikia.

"Lakini sikiliza kitu. Banaume ba musikiti balifika kule. Gari ilikuwa inaangalia huku. Pua mupaka Kamembe! Mavuno haijaisha, na mzee alikuwa anapanda huku. Unaelewa? Muntu akisikia kifo, anakimbilia kwake. Alikuwa anakuja kufia kwako."

Na kweli, wanaume wa msikiti walipolikuta gari kando ya njia, pua ikitazama upande wa Kamembe, hawakujadiliana sana. Mzee alikuwa anarudi kwake, walisema, basi tumfikishe. Wakamleta Kamembe, wakamwosha, wakamswalia, wakamzika kabla ya jua kuzama. Nyirabagenzi alipata habari Bugarama wakati kaburi limeshafukiwa. Gari lilibaki Nyakabuye, kwenye kiwanja cha Théoneste, fundi wa kuziba matairi, mtu wa kanisa, mkulima wa mihogo.

Mukamazimpaka akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti. Watu walikuja, walikula, waliondoka, wengine wakaja. Kila aliyekuja alitaka kusimuliwa habari ya pua ya gari, na kila aliyesimuliwa alitingisha kichwa na kusema, "Wewe ulipendwa." Yeye alijibu, "Alhamdulillahi." Usiku akilala, neno hilo alilikumbatia kama mama anavyokumbatia mtoto mwenye homa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amegawana. Mwisho, mizani imeangukia kwake. Hakumtakia mabaya mwenzake wa Bugarama. Alitaka kitu kimoja tu ambacho hakikatwi nusu kwa nusu.

Eda ilipokwisha, ikaja hoja ya gari. Mvua zilikuwa zimeanza, na gari zee halikai nje kama mbuzi.

Mutabazi, mwanawe, alikuja kutoka Kigali na hoja yake tayari. "Maman, kule iko muntu anakusanya gari za zamani. Anazipeleka kwenye arusi, maharusi wanapigwa picha. Italala ndani ya garaji nzuri, na kamera za ulinzi."

"Baba yako si pambo la arusi."

"Sijasema baba, nimesema gari."

"Mimi ndiyo nimesema baba." Akammiminia chai kikombeni hadi ikafurika. "Gari inarudi chini ya mabati yake. Hapa alipokuwa anakuja, hapa ndipo itakaa. Nenda umwambie mama yako mdogo wa Bugarama, Maman Uwase, tukutane Nyakabuye, tumalize kwa amani."

Nyakabuye ndiyo ilikuwa lazima. Mzee mwenyewe aliiweka hivyo: mke wa Kamembe hashuki kupita Nyakabuye, mke wa Bugarama hapandi kupita Nyakabuye. Alikuwa anacheka, anasema huo ndio mpaka wake, na anayevuka bila pasipoti ni yeye na Pijo tu. Miaka yote hiyo wake wenza walikuwa wameonana mara mbili.

Jumamosi asubuhi Mukamazimpaka alitayarisha mfuko: betri mpya aliyoinunua Mutabazi, na kitambaa cha pilipili kavu. Nyuma aliwaacha wanawake wa mtaa wameshajaza ndoo maji na kukunja mikono, wakisubiri kuliosha gari litakapofika. Maman Muderhwa alikuwa ameleta sabuni ya maji kutoka ng'ambo. "Tutaisugua mpaka mzee mwenyewe aione huko aliko!" Mukamazimpaka akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha sauti tangu mwezi wa sita.

Waliteremka na basi dogo, yeye na Mutabazi. Théoneste aliwapokea mlangoni, ameshika kofia mkononi. Mtu mfupi, mikono myeusi kwa gundi ya matairi. Aliwapeleka nyuma ya nyumba, akavuta turubai la kuanikia mpunga. Gari likatokea.

Mukamazimpaka alitegemea kukuta kutu, kinyesi cha kuku, vioo vimepasuka. Alikuta linang'aa. Limenyanyuliwa juu ya mawe, vizuri, kama yeye na mzee walivyokuwa wanafanya.

"Kila Jumapili nikitoka misa naipangusa," alisema Théoneste. "Mzee alikuwaka anakuja kwangu miaka mingi, Maman. Tairi za gari hii hakuna mwingine anajua kuziziba. Sikutaka ione haya."

Mutabazi akasema ataenda kutafuta petroli barabarani, maana ile ya ndani itakuwa imeoza. Akachukua bidoni akaondoka. Mukamazimpaka akabaki anapapasa ubati wa mbele unaofunika injini, mahali pale ambapo mzee alikuwa anapagonga kwa kiganja kabla ya kuwasha.

"Na pua yake," alisema, kama mtu anayeomba asimuliwe tena hadithi anayoijua. "Mulivyoikuta, ilikuwa inaangalia kwetu."

Uso wa Théoneste ukachangamka. Ilionekana ni jambo alilokuwa analisubiri mtu alitaje.

"Ile ni mimi, Maman! Niliigeuza mimi mwenyewe."

"Uliigeuza namna gani?"

"Nilimukuta ameshakufa, kichwa iko juu ya usukani. Nikajua ninyi Baislamu hamulazi maiti ovyo, inaangalia Maka. Niliwahi kuhudhuria maziko ya Baislamu Bugarama, niliona. Sasa mimi sijui dua zenu. Sikutaka kumushika vibaya. Lakini nikasema, mzee huyu asikae amegeuzia Mungu wake mugongo mupaka watu wake wafike. Nikauliza kijana mumoja Muislamu wa pikipiki, Maka ni wapi? Akanionyesha kule, kaskazini. Tukaita wanaume wanne, tukasukuma gari pole pole, na yeye ndani, tukaizungusha mpaka pua ikaelekea." Akamtazama usoni. "Nilikosa, Maman?"

Kaskazini. Huko ndiko Maka, na huko ndiko Kamembe pia, kwa mtu aliyesimama Nyakabuye.

Mukamazimpaka aliushika mlango wa gari. "Kabla haujaigeuza, Théoneste. Ilikuwa inaangalia wapi?"

"Chini. Bugarama." Alisema bila kusita, mtu asiye na sababu ya kusita. "Alipanda asubuhi na tairi mbovu, nikamuzibia. Hakukaa hata kunywa maji. Aliniambia, ngoja nikimbie, leo banapura mpunga na Maman Uwase iko peke yake. Akashuka. Nikamwona anasimama pale kwenye kona, pale mbele tu. Aliegesha vizuri, kando kabisa, akazima moto. Nikasema labda tairi imegoma tena. Nikakimbia."

Upepo ulipita kwenye mihogo. Huko barabarani pikipiki ilipiga honi, mtu akamtukana mwenzake kwa mzaha, wakacheka.

"Umemwambia nani mambo haya?"

"Hakuna muntu ameniuliza, Maman. Banaume ba musikiti balikuja mbio, balimuchukua mbio. Wewe ndiye wa kwanza."

Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tairi bovu. Miezi minne na siku kumi ilipita mbele yake, wageni wote, sahani zote, kila "Wewe ulipendwa" na kila "Alhamdulillahi." Alimwangalia Théoneste, akaona kwamba mtu huyu alifanya wema kamili, wema wa kusukuma kwa mabega, na wema huo ndio uliomzika mume wake Kamembe.

"Haukukosa," alisema. "Ulifanya vizuri. Mungu akulipe."

Halafu akawaza neno la pili, na neno hilo lilikuja lenyewe, halikubisha hodi. Hakuna aliyemuuliza. Théoneste akiambiwa anyamaze, atanyamaza. Mutabazi hakusikia. Gari litapanda, litaoshwa, litakaa chini ya mabati, na hakuna ulimi duniani utakaosema vingine. Alikuwa bado analigeuza neno hilo kichwani Nyirabagenzi alipoingia uani.

Mukamazimpaka alimkumbuka mwanamke mnene mwenye kicheko. Aliyeingia alikuwa amekauka, kanga imemzunguka mara mbili, kifurushi kifuani. Walitazamana.

"Maman Uwase. Umekwisha hivyo?"

"Dada mukubwa. Na wewe umenenepa." Akajaribu kutabasamu. "Kamembe banakupikia."

"Bananipikia na kunila. Nyumba imejaa watu tangu mwezi wa sita."

"Kwangu hawakuja." Nyirabagenzi alisema hivyo bila lawama, kama anataja hali ya hewa. "Siku tatu za kwanza, ndiyo. Kisha ikafika habari ya pua ya gari. Bantu bakaanza kuuliza nilimufanya nini. Mama yangu, mama aliyenizaa, aliniuliza: mwanamume mzima anatoka katikati ya mavuno, anakukimbia, ulimufanya nini?"

Théoneste, ambaye hakuwa mjinga, alisogea kando akajifanya anapanga vyuma vyake.

Nyirabagenzi alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na ufunguo wa pili wa Pijo, umefungwa uzi mwekundu, na kofia ya mzee ya kuvaa shambani. Akaviweka juu ya ubati wa mbele.

"Sikuja kubishana. Mutabazi alinipigia simu, akasema tunakuja kuamua. Kuamua nini? Gari ni yako. Alikuwa anakuja kwako." Akaunyoosha uzi mwekundu wa ufunguo. "Na mi najua kwa nini. Sijamwambia muntu, lakini wewe utasikia, maana wewe ndiye alikuwa anakukimbilia. Asubuhi ile tuligombana. Bantu ba kupura balikuwa banangojea, na yeye iko anazunguka gari, tairi, tairi, tairi. Nikamuambia, kama mpunga wangu unakuchosha, basi panda, rudi kwa mukubwa wako. Nilisema kwa hasira tu, dada. Maneno ya asubuhi. Akachukua ufunguo, hakunywa chai, akaondoka. Na akatii." Akaishika kofia. "Miaka ishirini na miwili hajanitii hata siku moja, ile siku akatii."

Sasa hapo, wewe uliye na moyo ungefanya nini? Mukamazimpaka aliiangalia ile kofia. Ilikuwa na makapi ya mpunga kwenye mshono. Alitamani Mutabazi arudi, alitamani mvua inyeshe, alitamani kitu chochote kimzibe mdomo, kisha mtu aseme ulizibwa na Mungu. Hakuna kilichokuja. Alikuwa na kaburi. Alikuwa na nyumba iliyojaa. Alikuwa na hadithi nzuri kuliko zote za Kamembe. Mwanamke huyu alikuwa na maneno machache ya asubuhi, na alikuwa anayala kila siku.

"Maman Uwase, kaa hapa."

"Nimezoea kusimama."

"Kaa, nakwambia. Mimi ni mukubwa wako." Akamvuta mkono, akamkalisha juu ya tairi lile lile, wakabanana. "Gari iligeuzwa. Muulize Théoneste. Aliigeuza ili mzee aelekee kibla. Mwanzo ilikuwa inaangalia chini. Tairi ilizibwa, na alikuwa anarudi kwako. Alisema anakimbia, unapura mpunga peke yako."

Nyirabagenzi alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali.

"Nani alisema?"

"Yeye. Maneno yake ya mwisho duniani. Alikutaja wewe."

Alifikiri mwenzake atalia, au atamkumbatia, au atasema asante. Nyirabagenzi alinyanyuka, akamwendea Théoneste, akamuuliza, naye akajibu. Akatoka hadi barabarani, akasimama anaangalia ile kona kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjika kwa ghadhabu.

"Basi mulimuzika vibaya."

"Ndiyo."

"Kaburi yake ni yangu."

"Ndiyo, Maman Uwase."

"Mimi sikumuona! Sikumuosha hata kidole! Bamemupitisha juu, kwenu, mukala pilau, mukasema mulipendwa!" Akampiga Mukamazimpaka begani kwa ngumi, ngumi isiyo na nguvu, akampiga tena, na ya tatu haikufika. Akaangukia kwenye bega hilo hilo. Hapo ndipo kilio kilipotoka, kilio cha miezi minne na siku kumi, cha mtu ambaye alikuwa hajajiruhusu kulia kwa kudhani hana haki. Mukamazimpaka alimshika. Yeye hakulia. Aliona kama machozi yote ya uani pale ni ya mwenzake, na yeye akichukua hata tone ataiba tena.

Mutabazi alirudi na bidoni, akakuta mama zake wawili wamekaa juu ya tairi moja. Akasimama.

"Tumeamua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tumeamua," alisema Mukamazimpaka. "Utashuka nayo. Bugarama."

"Maman..."

"Mpunga umeanza kuinama. Ni msimu wa Bugarama. Ungekuwa unamjua baba yako usingeuliza."

Nyirabagenzi alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Sina mabati, dada. Niko na ghala ya mpunga tu."

"Itatosha. Lakini iweke mbali na magunia, panya wa mpunga ni wabaya. Inyanyue juu ya mawe. Betri usiiache ndani." Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa cha pilipili kavu. Alikishika muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Na hii unasokomeza kwenye bomba la moshi. Kwa mkono wako. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo."

"Alinifundisha," alisema Nyirabagenzi. "Kila msimu tuliiweka pamoja. Alikuwaka anasema ni kazi yangu peke yangu."

Mukamazimpaka alimtazama. Kisha, Mungu amsamehe, akacheka. Mwongo yule! Nyirabagenzi hakuelewa anachekea nini, lakini akaanza kucheka naye, machozi bado yapo. Mukamazimpaka akamwekea kitambaa mkononi. Hakumweleza. Neno tamu halichunguzwi.

Betri ikafungwa, petroli ikamiminwa. Gari lilikohoa, likakataa. Mutabazi akapiga ubati kwa kiganja, pale pale, likawaka. Nyirabagenzi alikaa mbele, kofia ya shamba magotini. Mukamazimpaka alipanda nyuma, mara ya kwanza kukaa nyuma tangu arusi yake. Walifika kwenye kona, akamgusa mwanawe bega.

"Nishushe hapa."

"Maman, tumeenda mita mia mbili tu. Twende wote mpaka chini."

"Hapa ndio mpaka wangu."

Alishuka, akasimama kando kabisa ya njia, mahali ambapo mtu mwangalifu angeegesha. Gari likateremka. Likapotea nyuma ya migomba, likaonekana tena dogo, likapotea. Alikuwa hajawahi kuliona likiondoka kutoka upande huu. Miaka yote aliliona likitoka tu getini, na baada ya geti hakujua kinachofuata. Kumbe hakuna kinachofuata. Linakwenda tu.

Alirudi Kamembe na basi la jioni. Kabla hajafungua geti alisikia nyumba imejaa. Wanawake walitoka mbio na vitambaa vyao mikononi, watoto mbele, Maman Muderhwa mbele ya watoto.

"Iko wapi? Mutabazi anaegesha wapi?"

"Iko Bugarama."

"Bugarama kufanya nini?"

"Ni zamu yake."

Wanawake wakashusha vitambaa vyao. Ilikuwa ni sentensi waliyoisikia mdomoni mwake miaka ishirini na miwili, kwa sauti hiyo hiyo. Maman Muderhwa ndiye aliyepata nguvu kwanza.

"Zamu ya nani? Wewe, pua ya gari..."

"Pua iligeuzwa." Mukamazimpaka alipandisha sauti, hadi wa nyuma kabisa asikie, hadi majirani ng'ambo ya ukuta wasikie. "Iligeuzwa na mtu mwema, kwa sababu ya kibla. Mzee alikuwa anashuka. Alikuwa anarudi kwa Maman Uwase, kumsaidia kupura mpunga. Semeni hivyo. Maman Muderhwa, kesho ukivuka, useme hivyo hata Bukavu. Uliyapeleka yale, uyapeleke na haya."

Maman Muderhwa alifungua mdomo. Akaufunga. Hakuna mtu aliyewahi kuona jambo hilo.

"Na itarudi lini?" aliuliza mwingine, kwa mazoea tu, halafu akajishika mdomo.

"Wakimaliza kupura."

Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimgusa mkono. Hakuna aliyesema "Wewe ulipendwa." Ndoo tatu za maji zilibaki zimepangwa chini ya mabati, sabuni ya ng'ambo juu ya ukuta.

Mukamazimpaka alichukua ufagio. Alifagia kuanzia ukutani, akafika kwenye doa la mafuta. Safari hii hakulizunguka. Alilimwagia ndoo moja, akapiga goti, akatia sabuni, akasugua kwa nguvu zake zote, akamwaga ya pili, akasugua, ya tatu. Maji yakakimbilia mfereji. Akakaa kwenye sakafu yenye unyevu, akasubiri ikauke.

Doa lilikuwa bado lipo. Aliweka kiganja juu yake, akagonga kidogo.